Siku Niliyonyamaza Garini

Kwako Shemeji Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na cherehani yako na wote wanaokuja kupimwa nguo wakaishia kupewa chai. Natumaini mgongo umepunguza malalamiko, na kwamba yule paka wako bado ndiye mwenye nyumba. Sisi huku ni wazima. Nikisema wazima, safari hii sisemi kwa mazoea ya barua. Nasema kwa sababu ni kweli, na karatasi hii nimeichukua ili nikueleze ukweli huo ulivyotujia. Keti vizuri, shemeji. Unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia kwenye mizizi yake.

Tulikuwa mbugani. Kijana wetu, huyu fundi wa majokofu, alipata likizo pamoja na mkewe, wakasema mwaka huu hawaendi popote bila mama. Nia yao hawakuificha. Tangu dada yako apate kiharusi, mguu umerudi, mkono umerudi, anatembea na kutandika kitanda kwa ile mikunjo yake ya hospitali, lakini maneno yamegoma. Yaliyobaki ni "eeh" na "hapana", tena akitaka hili linatoka lile. Wewe mwenyewe unamkumbuka kazini: mkunga ambaye sauti yake ikisikika tu kwenye korido ya wodi, kina baba wote walikuwa wanakaa kwenye benchi bila kuambiwa. Mtu huyo sasa anaomba chumvi kwa kidole. Vijana wakadhani labda akimwona tembo kwa karibu, neno litaruka lenyewe.

Halikuruka. Tuliona tembo, tukaona simba wamelala miguu juu kama watu waliorudi harusini, tukaona twiga akijipanua miguu anywe maji kwa aibu kubwa. Dada yako alifurahi sana, hilo nakuhakikishia. Alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. Lakini neno, hata moja.

Hapa lazima nikueleze jambo la kitabibu. Mtaalamu wa usemi pale hospitali alituambia kwamba mgonjwa wa namna hii hajapoteza maneno. Maneno yote yamo ndani, kama vitu ghalani, ila mlango umekwama. Ukimuuliza kitu, akaanza kuusukuma ule mlango, usimsukumie. Nyamaza, umsubiri, hata kama kimya kinakuchoma. Sasa niambie, mwalimu wa jiografia aliyezeeka mbele ya ubao atakiwezaje kimya? Namuuliza, naona midomo inahangaika, huruma inanikamata, namjibia. Mtaalamu alinikanya, nami nikawa nakubali kwa kichwa na kuendelea kwa mdomo.

Huko mbugani ndiko nilikovuka mpaka. Mjukuu wetu, yule tuliyemwita Mbona kwa sababu hakuna sentensi yake inayoanza na neno jingine, aliuliza kutwa, nami nikajibu kutwa. Gari la mbugani lina paa la kufunguka, injini inanguruma, vumbi linaingia, na mimi nimesimama katikati napaza sauti juu ya aina za nyasi. Muongozaji wetu, kijana mcheshi, akaniambia, "Mwalimu, mwachie na simba angurume kidogo, naye ana familia." Waliangua kicheko wote, dada yako wa kwanza.

Asubuhi ya kurudi nyumbani niliamka, nikafungua mdomo kusalimu, ikatoka sauti ya pampu ya baiskeli. Nikajaribu tena, hata pampu haikuwepo. Mkwe wetu, ambaye kama unavyojua ni muuza dawa, alinimulika kooni kwa tochi ya simu na kutoa hukumu: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kimya kabisa, hata kunong'ona marufuku, maana kunong'ona kunaliumiza koo kuliko kusema. Kijana wetu akawasha gari, akasema leo tunasafiri kama tumo maktabani.

Njia ya kurudi ni ndefu, shemeji, ya kutoka alfajiri mpaka jua kuzama. Vijana wawili mbele. Nyuma mimi dirisha hili, dada yako dirisha lile, Mbona katikati yetu na mfuko wa karanga. Kabla lami haijaanza, mtoto akauliza mbona miti yote ya uwanda ule imeinamia upande mmoja. Swali hilo nimelisomesha miaka na miaka! Nilijaa majibu mpaka masikioni. Nikaonyesha kwa mikono, nikapuliza mashavu, mtoto akasema babu anafanya samaki. Akamgeukia bibi yake, akauliza tena.

Midomo ya dada yako ikaanza kuhangaika. Nikafungua wangu nimjibie, ikatoka hewa tupu. Mkwe akageuka nyuma, akauma kidole. Kijana wetu akimtazama mama yake kwenye kioo. Tukapita daraja. Tukapita kundi la ng'ombe na mchungaji aliyetupungia. Tukaanza kupanda kilima, na karibu na kileleni dada yako akasema, "U... upepo."

Mbona hakushangaa hata kidogo. Kwake ilikuwa bibi kajibu swali, na jibu lina upungufu. Akauliza upepo wa wapi. Dada yako akanyoosha mkono dirishani na kusema, "Wa kule." Kijana wetu akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akazunguka kuangalia matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema vumbi, na barabara ilikuwa ya lami. Mkwe alilia waziwazi na kucheka papo hapo. Mimi nilimshika dada yako mkono juu ya kichwa cha mtoto, na yeye akanitazama kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni.

Kuanzia hapo ikawa sherehe ya mwendo. Usidhani maneno yalimwagika, la. Yalikuja moja moja, mengine yamevaa nguo za wenzao. Gari liliposhika kasi aligonga kiti cha mbele akaamuru, "Birika! Punguza... mwendo!" Alikuwa anamtaka mwanawe. Alipojisikia alicheka mpaka akashika mbavu, na kijana wetu akajibu, "Birika amesikia, mama, anapunguza." Mpaka leo hana jina jingine nyumbani humu.

Tulisimama kula kwenye hoteli ndogo iliyo pamoja na kituo cha mafuta. Mhudumu aliuliza mama anakunywa nini, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuna aliyemwagizia. Mhudumu alisimama na trei yake, akabadilisha mguu, akasubiri. Dada yako akasema, "Chai." Ilipoletwa akakigusa kikombe, akakirudisha. "Siyo hii. Ya... moto." Mhudumu akajitetea kwamba ni moto, mama, imetoka jikoni sasa hivi. Akatazamwa. Lile jicho la wodini, shemeji, unalijua. Chai nyingine ilikuja inatoa mvuke kama garimoshi, na mkwe wetu akamlipa yule kijana bahashishi ambayo hadi sasa hajui sababu yake.

Basi sasa nafika pale ambapo lazima uniahidi kufunga mdomo, na najua naliomba jambo gani kwa mtu anayeitwa Chiriku.

Baada ya kula nilikwenda kunawa. Nikajitazama kwenye kioo, nikajaribu koo: moja, mbili, tatu. Ikatoka! Ya kukwaruza, lakini sauti kamili. Dereva wa lori aliyekuwa ananawa beseni la pili akasema, "Nne," akaenda zake. Nilisimama pale maji yakiendelea kumwagika. Nikafikiri. Kisha nikafunga bomba, nikafunga na mdomo, nikarudi garini, nikaketi kwenye nafasi yangu nikiwa bubu kwa kupenda.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Mchana huo tulipita kwenye ukingo wa bonde kuu, lote limefunguka chini yetu, na ziwa lake lenye kingo nyeupe. Mbona akauliza mbona maji yana povu jeupe. Birika, ambaye nilimfundisha jiografia mwenyewe darasani, akamwambia binti yake kwamba ni sabuni, watu wa kule wanafua sana. Shemeji, nilishika mpini wa mlango. Nikauma shavu kwa ndani. Ndipo dada yako akatikisa kichwa, akatafuta, akatafuta, tukasubiri wote, akasema, "Ma... magadi." Nusura nipige makofi. Akaongeza peke yake, bila kuulizwa, "Ya kupikia... maharage." Hiyo, kwa wanafunzi wangu, ilikuwa alama kamili na moja ya ziada.

Tumerudi, tumepumzika, na bado sijasema neno. Mkwe anamtuma Birika aje kuulizia koo la baba, ananiletea dawa za kumung'unya, nazimung'unya. Nikitaka kitu naandika kwenye karatasi, naye dada yako anaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na hayo nayo yamekuwa mazoezi. Muuza maziwa anazungumza naye mlangoni, nami nimesimama nyuma yake na sufuria, natabasamu kama mgeni asiyejua lugha. Na ndiyo maana umepata barua badala ya simu yangu ya kawaida.

Sijui kama nimemdanganya kweli. Leo asubuhi mezani alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wa uuguzi waliosema wamenawa mikono. Akauliza, "Bado... kimya?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta sukari upande wake, akakoroga chai yake taratibu, akasema, "Vizuri."

Jumamosi, ukishafunga duka, simu yako italia. Namba itakuwa yangu, lakini mimi sitakuwepo, nitakuwa nimekaa uani. Utapokea na hutasikia kitu. Nakusihi, usiseme halo halo, usidhani mtandao umekata, wala usimtajie jina lako kumsaidia. Weka mkasi chini na ukae. Jina lako amelifanyia mazoezi tangu turudi, herufi ya kwanza inamsumbua, lakini jana alilifikisha mwisho mara mbili. Atakalosema baada ya hapo sikulisikia, maana alinifukuza chumbani. Mwachie alilete mwenyewe.

Wasalimie mafundi wenzako wote hapo dukani na majirani wanaoniulizia. Dada yako anakusalimu, na Mbona anauliza mbona huji. Mungu akuweke.

Wako katika furaha kubwa,
Shemeji yako Mwalimu,
mwenye koo zima kabisa.