Hakuna Mke wa Pili Bongwe

Bongwe, Jumatatu asubuhi

Mke wangu Mejumaa,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuamkia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na namwomba Mola barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la malori kiwe kimekuachia. Rashidi je? Lile jeraha la mguu alilokatwa na bati shuleni limefunga? Na Zuhura, mwanangu ninayemjua kwa picha za simu tu, ameshaota jino la pili? Mimi ni mzima wa kutembea na kufanya kazi. Uzima mwingine ndio nitakaokueleza, na nisamehe kwa hati hii mbaya.

Sikupiga simu kwa kuwa simu ya nyumbani kwenu huwekwa sauti ya juu, mama mkwe asikie na jirani naye asikie. Haya ni yako wewe. Barua nimempa Mbeyu, yule binti tunayefanya naye kazi ya udobi pale hotelini Galu, anakuja kwao huko Samburu kwa likizo. Hajui kilichomo. Tafadhali ifungue ukiwa peke yako.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka nimeuhifadhi. "Baba Rashidi, kama umeoa, sema umeoa. Lile Mungu alilokuruhusu mimi sikukatazi, lakini usinifiche kama mwizi wa kuku. Jumamosi ya wiki ijayo naja na kaka Bakari na ami yangu. Unipe talaka yangu mbele ya watu, nimechoka kuulizwa mume wangu yuko wapi." Siku nne sikujibu. Najua kwa watu wetu anayenyamaza amekubali.

Mejumaa, sikuoa. Wallahi sikuoa. Hakuna mwanamke Bongwe, wala Ukunda, wala kwingine kokote. Nilichokuficha ni ugonjwa, na nitakwambia tangu ulipoanza.

Wakumbuka ulipojifungua Zuhura nilikwambia hoteli imejaa wageni, nitakuja utakapotimiza arobaini. Ulikuwa siku ya kumi na mbili ndani. Asubuhi hiyo nilikuwa nakunja mashuka, tumbo likanikata, likavimba, likawa gumu kama ngoma. Wenzangu walinibeba mzobemzobe mpaka hospitali. Daktari akasema utumbo umejisokota na kipande chake kimekwisha kufa, lazima nipasuliwe saa hiyohiyo. Wenzangu wakataka kukupigia, nikawakataza. Mzazi aliye ndani ya arobaini hapewi habari ya kumshtua, maziwa yasije yakakatika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Nikajisemea, nikipona nitamwambia mwenyewe, nikifa ataambiwa. Nilianza kukuficha kwa nia njema, kisha nikazoea.

Nilipozinduka nilipapasa tumbo nikakuta kitu kimebandikwa upande wa kushoto, kina joto. Ulikuwa mfuko. Muuguzi, mama mmoja wa bara mwenye sauti nzito, akanieleza polepole kwamba walipokata kile kipande kibovu, ncha ya utumbo waliitoa nje kwenye ngozi ya tumbo. Choo changu hakipiti tena kunakopita cha watu. Chatoka hapo, chaingia mfukoni. Pana kinyama chekundu kilicholowa, ukubwa wa limau dogo, na ukikigusa hakiumi. Siku mbili nilikataa kukitazama. Siku ya tatu akaniletea kioo, akasema, "Baba, tazama. Ni mwili wako huu, si jini." Nikatazama, nikalia mbele yake bila haya.

Maumivu yaliisha. Kilichonitia hofu ni kwamba hakizuiliki. Mtu huhisi haja, akavumilia mpaka afike chooni. Hiki hakina subira. Hutoka nikiwa nala, hutoka nikizungumza na msimamizi, na wakati mwingine hutoa sauti. Mfuko ukifika theluthi nauenda kuumwaga, na lile bamba linalonata kwenye ngozi nalibadilisha kila baada ya siku chache. Tundu lake nalikata kwa mkasi, nalipima sawasawa, kwani likizidi kidogo uchafu hugusa ngozi na ngozi hubabuka. Nasikia Zuhura naye alibabuka kwa nepi. Basi katika nyumba yetu tuko wawili wa kuvalishwa, na yeye ndiye atakayetangulia kuacha. Cheka ukiweza, mimi nimelicheka hilo mara moja tu.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi kazini nilikwenda msikitini. Tuliposujudu, bamba likaachia. Nilihisi umajimaji ukiteremka ubavuni, na aliyekuwa karibu yangu akageuza uso baada ya salamu. Nilitoka nikikanyaga viatu vya watu, kanzu nimeikumbatia tumboni. Walidhani udhu umenitoka tu, jambo la kila mtu. Mimi nilifika chumbani nikafunga mlango kwa komeo, na msikitini sikurudi kwa miezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunusa. Nanusa mikono, nanusa shuka, nawatazama watu pua. Joto likizidi gundi hulegea, na kule dobini ni joto na mvuke kutwa. Mifuko haipatikani Ukunda kila siku, huagizwa Mombasa, na mara mbili iliniishia nikajifunga vitambaa na pedi za kike. Nikaanza kufukiza udi. Asubuhi udi, adhuhuri udi, marashi shingoni na marashi kwenye mto. Wenzangu wakaanza kuniita bwana harusi, nami nikacheka nao, maana jina hilo lilikuwa zuri kuliko ninalolistahili.

Ndipo alipokuja kaka yako Bakari, alipokuwa ameleta mbuzi Ukunda. Alinikuta adhuhuri, udi wafuka chumba kizima, kitandani kuna paketi ya pedi, nami nimesimama mlangoni kama askari. Akatabasamu. "Shemeji, naona umetulia." Mkono ulinifika kwenye kifungo cha shati, Mejumaa. Nilitaka kumwonyesha. Vidole vikakataa. Nikamwambia, "Ah, shemeji, mambo ni mengi." Akaniomba alale hapo mpaka kesho yake, nikamjibu chumba hakifai kwa leo. Ndugu wa mke wangu, nikamwacha aende kutafuta pa kulala! Aliyokwambia yote aliyaona kwa macho yake, usimkasirikie.

Sasa nikwambie lile linaloniaibisha kuliko mfuko wenyewe. Niliposikia mwasema nimeoa, nilipata nafuu. Aliyeoa mke wa pili hulaumiwa, lakini ni mwanamume. Asiyeweza kuzuia choo chake ni nani? Nilikuwa nakuona mawazoni, unaziba pua kwa mtandio, unahamisha mto wako. Nikaona heri unichukie kwa mwanamke asiyekuwepo kuliko unionee kinyaa. Umelia kwa sababu hiyo, nami nilikuacha ulie. Hilo najua halina udhuru.

Juzi nilikwenda kwa ustadhi anayesomesha watoto hapa Bongwe. Nikamwambia nina rafiki yangu ana hali hivi na hivi, swala yake yafaa? Akasema, "Mwambie rafiki yako atawadhe kila wakati wa swala unapoingia, kisha aswali, hata kikitoka kitu humo ndani. Mungu hamkalifishi mtu lile asiloliweza." Nikashukuru, nikainuka. Akaniuliza, "Na mkewe asemaje?" Nikamjibu hajui. Akasema, "Basi hili la swala ulilolileta si lenye kumsumbua rafiki yako." Nilirudi nikanunua karatasi hizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio kimekuja kwa sauti yako, katika simu.

Daktari asema huenda baada ya muda wakauunganisha utumbo tena, na huenda wasiweze. Naogopa kisu, na naogopa kubaki hivi mpaka niingie kaburini. Lakini hofu hizo zote mbili ni ndogo mbele ya Jumamosi. Silali nikiifikiria. Nikisikia hatua nje huruka, nikidhani mmefika mapema.

Njoo Jumamosi kama ulivyosema. Nakuomba jambo moja: Bakari na ami yako wasubiri pale kwenye kibanda cha chai, uingie wewe kwanza. Sitafukiza chochote siku hiyo. Nitavua shati, utazame, nami nitabadilisha mfuko mbele ya macho yako, uone kazi yake na usikie harufu yake. Sitaki uambiwe tena na mtu. Ukishaona, ukasema huwezi kulala karibu na mtu wa namna hii, nitakuandikia talaka saa hiyo na sitakushika neno. Lakini uidai kwa sababu ya haya uliyoyaona. Usiniache kwa ajili ya mwanamke ambaye hayuko.

Na mlete Zuhura. Miezi saba ni mtu mzima huyo, atanishangaa. Naogopa kumpakata, kwa kuwa watoto hupiga mateke. Nitampakata upande wa kulia, uniwekee mikono vizuri.

Nisalimie mama mkwe, mwambie namheshimu na dua zake nazihitaji. Nisalimie Rashidi, asiambiwe kitu, ila baba yake anamwuliza kama mguu unamruhusu kucheza mpira. Nisalimie ami yako ambaye anajisumbua safari yote hii kwa ajili yangu. Na shemeji Bakari, mwambie nina radhi ya kumwomba, nitaiomba mwenyewe.

Naogopa, Mejumaa. Sijawahi kukuandikia neno hilo tangu nikuoe.

Mumeo mpaka Jumamosi, na baada ya hapo utakavyosema wewe,

Hamisi