Hema la Watu Wawili, na Jiko

Mshauri wangu Bi. Ardith,

Nakuomba unisaidie kabla sijawehuka, maana msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, unafunguliwa mwezi ujao na mimi sina hema, na ukiona mwanamume wa umri wangu hapa Garnet Creek anaandikia gazeti habari za hema ujue mambo yamemfika shingoni, kwa hiyo tafadhali usicheke.

Tangu ujana nimewinda na shemeji yangu Orrin, kaka wa mke wangu Twyla. Yeye alikuwa na nyumbu wa kubeba mizigo, mimi nilikuwa na hema la turubai, zito kama dhambi, na jiko la chuma la kuni, na kila vuli tulipanda mpaka kule juu ambako barabara haifiki, yeye akiwasha moto alfajiri, mimi nikichemsha kahawa na kukaanga nyama ya nguruwe, na elki akianguka tunambeba vipande vipande mpaka migongo inalia. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Majira ya baridi yaliyopita alipigwa na kiharusi zizini kwake. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee nyuma ya kanisa la Kilutheri, upande wake wa kulia umekufa, nyumbu wameuzwa, na daktari amemwambia Twyla wazi asitegemee kaka yake kuiona theluji ijayo ikiyeyuka.

Basi nikisema niende, nitakwenda peke yangu, kwa miguu, kila kitu mgongoni, na turubai lile halibebwi na mgongo wa binadamu. Watu wa dukani wananiambia ninunue tipi, lile hema la nguzo moja lililochongoka juu, kitambaa chepesi cha nailoni, halina sakafu, unaingia na buti zako na matope yako, na ndani unaweka jiko dogo jepesi linalokunjwa na bomba lake linatokea juu. Nimesoma mpaka macho yananiuma. Lenye sakafu halikubali jiko, na mtu aliyelowa theluji huko juu bila moto harudi. Lisilo na sakafu linaingiza panya na upepo, na asubuhi matone yanakudondokea usoni. Nikishaamua hili, usiku naliona lile. Nimefunga kamba kwenye vijiti uani kupima upana wa kila moja, kamba ndani ya kamba, nyasi zote zimekufa kwa kukanyagwa, na juzi Twyla alisimama mlangoni akaniuliza, "Del, unapima hema au unapima kaburi?" Nililia, Bi. Ardith, pale pale kwenye kamba, na jirani akiwa anamwagilia maua yake.

Sasa nikuambie kinachonila. Mwezi Juni nilikwenda kumwona Orrin. Maneno yake yanatoka nusunusu, unayangoja. Akaniuliza, "Umepata... hema?" Nikaona nisimkatishe tamaa, nikadanganya. Nikasema, "Nimepata, shemeji, tipi nzuri sana." Akasema, "Na jiko?" Nikasema, "Na jiko." Akauliza, "La wangapi?" Nami bila kufikiri, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalitazama dukani asubuhi ile, nikasema, "La wawili."

Wewe unajua, na kila anayewinda huku anajua, hema likiandikwa la watu wawili ni wawili wanaobanana kama dagaa wa kopo, bila jiko. Ukishaweka jiko na kuni, anabaki mtu mmoja na buti zake. La watu wanne ndilo la wawili wenye jiko. Orrin alinitazama kwa lile jicho lake zima, akageuza uso ukutani. Nikamwita, "Orrin. Orrin, bwana." Nilipofika kwenye gari langu ndipo nikaelewa nilichomwambia. Nimemwambia kwamba nimeshamtoa hemani akiwa bado anapumua.

Sijarudi kumwona tangu siku hiyo. Twyla huenda kila Jumapili na akirudi namwuliza, "Ameniulizia?" naye hujibu, "Hapana," anaingia jikoni, anapiga sufuria. Hema sijanunua. Silali. Vuli imeingia, majani ya miti yamekuwa ya njano, na mimi siwezi kwenda wala siwezi kubaki. Niambie tu nichague lipi, la wawili ambalo ndilo ninaloweza kulibeba, au nisiende kabisa, nimalize habari hii.

Mimi, Del, niliyebaki na kamba uani

*

Del,

Pole. Naisema mara moja, na kwa moyo wote, kwa sababu baada ya hapa sitakubembeleza.

Umeniandikia kurasa za nailoni na panya, na neno la maana umelificha chini kabisa kama soksi chafu. Nami nimelala kwenye tipi, bwana. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakujua kulala penginepo. Nimeamka na panya ndani ya buti na tone puani, na sikufa. Jambo la hema ungelimaliza asubuhi moja kama lingekuwa la hema. Hupimi hema. Unatafuta hema litakalokuruhusu usimwache Orrin, na duka lenye hema hilo halipo. Atakufa, Del. Utapanda mlimani bila yeye, mwaka huu au mwakani, na moto wa alfajiri utauwasha mwenyewe kwa vidole vilivyokufa ganzi. Sina dawa ya hilo na usinitumie barua nyingine kuiomba.

Lakini kumwacha mtu kabla hajafa, hilo ni lako mwenyewe. Umetaja jinsi alivyogeuza uso ukutani. Basi tangu Juni anautazama ukuta huo, naye anaamini aliyelala naye mvua na theluji miaka yote ile amemfuta kama mtu anavyofuta meza. Wewe nawe uko uani unachezea kamba! Ulikuwa na gari, ulikuwa na miguu yote miwili. Mkeo anapiga sufuria kwa sababu ana adabu. Mimi ningekupiga nayo.

Sasa sikiliza. Nunua la watu wanne. Zito kidogo, ndiyo, punguza makopo ya maharage. Usilipeleke mlimani kwanza. Lipeleke kwa Orrin, wiki hii. Zungumza na msimamizi wa nyumba ile, mwombe ile nyasi iliyo upande wa nyuma, na umwombe kwa adabu, si kwa sauti ya kununua ng'ombe. Lisimamishe. Sehemu ya chini acha nafasi upepo uingie, tundu la juu liwe wazi, usije ukawaua wote wawili kwa moshi. Washa jiko, weka kahawa. Kisha mfunge blanketi umsukume mpaka ndani.

Hilo ndilo usiloliona, kwa kupimapima kwako kote. Halina sakafu, Del. Hakuna kizingiti wala kitambaa cha kuruka. Kiti cha magurudumu kinaingia kwenye nyasi moja kwa moja kama buti lingine lolote lenye matope.

Msimamizi akikataa moto, lisimamishe mbele ya dirisha lake bila moto. Akikataa hata hilo, mbebee jiko peke yake, uliweke kitandani alishike.

Sikuahidi kwamba atageuka. Huenda hasira yake ikawa ndiyo kitu pekee kilichobaki na nguvu mwilini mwake, na ana haki nayo. Huenda ukakaa pale mpaka kahawa ipoe, asiseme neno. Kaa. Usimweleze habari za Juni, usijitetee, usilie kabla yake. Ngoja akuulize la wangapi, umjibu, "La wanne."

Na ukikuta hawezi tena kuuliza, mwambie hivyo hivyo.

Ardith