Spindo ya Nyangoto

Hospitali, Tarime
22 Agosti 2019

Mura, ndugu yangu Hezekia,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu hapo Migori kwa shangazi yako, na kwamba taya limeanza kushika, hata unaweza kutafuna ugali laini. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemwomba mkeo akuletee karatasi hii kwa mkono. Veronika na watoto hawajambo. Wanalala kwa mama yake kule Susuni, kwa sababu nyumba yenu ya Matongo ilichomwa na ndugu wa Nyangwine, ikateketea yote pamoja na ghala la mtama. Wale ng'ombe wako wawili walikatwa mishipa ya miguu, tukalazimika kuwachinja palepale walipoangukia.

Nyangwine, mwenzetu wa karakana, tulimzika siku ya nne. Mama yake hakulia kaburini. Kila aliyempa pole alimuuliza kama ule mkono wa mwanawe uliong'olewa na mashine nao umezikwa. Nilimwambia umezikwa, mama, kwani mimi ndiye niliyeuweka kwenye jeneza.

Veronika ameniambia kwamba kila siku unarudia jambo lilelile: kwamba umeme ulipokatika uliacha vidole juu ya kibodi ya kompyuta inayoendesha mashine, Nyangwine akaingiza mkono kubadilisha kisu cha spindo, ule mhimili unaozunguka, na jenereta ilipowaka labda kidole chako kiligusa pa kuwashia. Anasema unakaa ukiutazama huo mkono wako kama si wako.

Jumatatu, Werema, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja pale karakana, Nyangoto, na wadogo zake watatu. Walibeba mapanga yaliyonolewa upya. Alisema wamejua uko Migori, na Jumamosi watavuka mpaka pale Sirari kama watu wanaokwenda mnadani. Alitaka niwaongoze, kwa kuwa naijua nyumba ya shangazi yako. Akasema, "Nashoni, wewe ulikuwepo. Ulimwona akibonyeza."

Hezekia, sikuwahi kuwaambia kwamba nilikuona. Lakini sikuwahi kukataa.

Sasa nisikilize. Ile rilei niliyofunga mwezi wa sita, swichi ndogo inayoamriwa na kompyuta kuwasha na kuzima spindo, ile isiyo na meno ndani wala haigongi kama kontakta, ile swichi ya zamani ya sumaku, iliungua. Rilei ya namna hiyo ikiungua, mara nyingi haikati umeme. Inaupitisha tu, kompyuta iseme zima au isiseme. Jenereta ilipowaka, spindo ilianza yenyewe. Ulipiga kitufe chekundu cha dharura mara tatu, nilikuona, na haikusimama, kwa sababu nilikiunga kikate amri ya kompyuta tu, si umeme wenyewe. Nilitaka kuokoa nusu siku ya kazi. Mpaka nilipofika kwenye swichi kubwa ya ukutani, Nyangwine alikuwa ameshazungushwa.

Na nilijua. Siku mbili kabla, nikiwa peke yangu, kompyuta ilisema zima na spindo ikaendelea kuzunguka karibu dakika nzima. Niligusa rilei ikaniunguza kidole. Sikuwa nimeifungia bati la kupozea. Lakini bosi alikuwa amenisifu kwa kazi ile mbele yenu wote, nikaona aibu kusema.

Kuna baya zaidi. Ndugu zake Nyangwine walipofika, wakakuburuta nje na kukupiga kwa nyundo, nilikusikia ukiniita kwa jina. Nilikuwa ndani na bisibisi. Niliitoa rilei, nikaitia mfukoni, nikarudisha kontakta ya zamani. Polisi walipokuja kuijaribu mashine, iliwaka na kuzima vizuri mbele ya macho yao, na lawama yote ikakuangukia wewe.

Haya yote nilimwambia Werema Jumatatu hiyohiyo. Hakuelewa. Nikaichukua rilei, nikaiunga kwenye balbu bila kuipa amri yoyote, na balbu ikawaka. Aliitazama balbu, kisha rilei. Akaniuliza, "Na huyo tuliyemvunja taya?" Nikasema, hana kosa. Akanikata begani, kisha kwenye mkono niliouinua kujikinga. Vidole vitatu vya kushoto vilibaki sakafuni. Angenimaliza, wadogo zake ndio waliomshika, na mmoja wao alikuwa analia.

Sasa niko kitandani, askari amekaa mlangoni. Nimeandika maelezo, wanayo na rilei. Werema naye yuko mahabusu. Jana wazee wa koo zote mbili walikutana, na wale ndugu watatu waliapa kwamba hakuna atakayekufuata. Afande ameniambia hutafutwi tena. Lakini usije kwa maneno yangu. Subiri wazee wenyewe wakutumie mtu, ndipo uje.

Msalimie sana shangazi yako, umwambie mahindi yake ya huku yamevunwa, yako kwa Veronika. Sikuombi unisamehe, wala usihangaike kuandika jibu. Mkono huo unaoutazama kila siku ulikuwa unapiga kitufe chekundu. Hukubonyeza kingine chochote, mura.

Ni mimi,
Nashoni