Kahambu wa mu Filme

Butembo, samedi, 2001

Yaya Kavira,

Salamu kwenu kule Vuhovi. Maharagi ulituma ilifika muzuri.

Unakumbuka filme ya parokia, yenye nilicheza Kahambu, ule muke wa zamani bazungu balishitaki ati aliua bwana yake na sumu? Sasa basoda ba mu kambi banaiangaliaka mu video. Jana commandant yao alikuja, akaniita Kahambu. Anataka kesho nipikie mukubwa mwenzake. Nikamwambia mimi ni mwalimu, sumu siijue. Akacheka.

Nikamutilia chai, nikaonja mimi kwanza, ajue haina sumu, sawa vile mama alitufundisha kwa mugeni. Akanywa yote. Kisha akasema: "Kesho, hapana kuonja."

Yaya, batoto bangu ndio banakuletea hii barua. Hapana kubarudisha.

Mudogo wako,
Katungu