Mistari ya Siku za Mwanzo

Mpendwa mshauri,

Salaam nyingi, natumaini u mzima wa afya wewe na wote wa nyumbani kwako; mimi namshukuru Mungu napumua, ila moyo ndio mgonjwa, naomba unisaidie. Nafanya kazi kiwanda cha sabuni ya maji, napima uzito wa chupa, na kila chupa naiwekea nukta kwenye karatasi ya ukutani yenye mistari miwili myekundu, wa juu na wa chini, nukta ikivuka mstari tunasimamisha mashine ya kujazia chupa tutafute ugonjwa. Basi mume wangu alipokwenda mbali kwenye ujenzi, majuma ya mwanzo alinipigia kila alfajiri nikitoka kwenye sala, tukacheka mpaka chai inapoa, nami nikachora mistari yangu moyoni kwamba mume anayependa ndiye huyu. Siku hizi anapiga leo, kesho kimya, nami kila akikaa kimya namsimamisha kama mashine, namnunia, simu sipokei, na huku usiku nalalia shati lake ambalo sijalifua tangu aondoke, nachelea harufu yake isije ikatoka. Juzi akaniambia, "Mama watoto, kukupigia wewe siku hizi ni kama kwenda kupimwa. Nimepewa likizo. Nije au nisije?" Nikakata simu. Na kazini nako mashine imekuwa ikisimamishwa ovyo, nukta zinavuka mistari, wenzangu wakasema ina wivu kuliko mchumba mpya, tukaifungua, tukaikaza, nukta zikazidi kuvuka, mpaka jana fundi wa vipimo akaibandua karatasi: "Kosa langu. Mistari niliichora kwa chupa chache za asubuhi ya kwanza, mashine mpya, chupa zote sawasawa. Mashine hii ni nzima, haina ugonjwa, mistari ndiyo imebana." Nikaenda chooni nikalia, wala sijui nalia nini. Tafadhali nijibu mapema, mume wangu anasubiri jibu.

Mpima Chupa

Dada yangu Mpima Chupa,

Unajua vizuri sana ulichokililia. Pole, kitanda kikiwa kikubwa usiku hauishi. Lakini na wewe! Vijuma vichache vya mtu aliyeondoka jana, hamu imemjaa, ndivyo umpimie ndoa nzima? Mtu anayebeba zege kutwa, alfajiri nyingine hulala kama gogo. Mlipokuwa chumba kimoja, hakuwa na siku za kunyamaza? Zihesabu na hizo. Tena kila ulipomnunia ulikuwa unakaza mashine isiyo na ugonjwa. Huenda ukimya mwingine umeutengeneza mwenyewe.

Sisemi uishi bila mistari. Ukiipanua kama lango la kiwanda, hata siku akipotea kweli hutajua. Ichore upya, taratibu, kwa siku nyingi, nzuri na mbaya.

Ila hiyo ni kazi ya baadaye. Leo piga wewe. Usimuulize alikuwa wapi. Mwambie, "Njoo," kisha usiongeze neno, umsikilize anavyopumua.