Nunua, Lakini Mimi Sitapanda

Mama Émérance wa radio yetu, salamu kwako na kwa wote wanaokusikiliza. Jina langu ni Faradji, niko hapa Kasongo, na usilifiche jina hilo, maana mutaa muzima wanajua mambo yangu kuliko mimi mwenyewe.

Nakuomba unisaidie kuelewa kitu kimoja, nimekipima kwa kalamu, nimekipima kwa chupa, na bado hakiingii kichwani. Mimi ni mukaguzi wa shule za msingi, napata franga elfu mia nne na hamsini kwa mwezi, ule mwezi zinafika, niko na muke mumoja, Latifa, muuza muchele pale sokoni, na watoto wane, mukubwa wao Faida anafanya mtihani wa serikali mwaka huu, na tuko na pikipiki moja ambayo Latifa alinunua kwa muchele wa misimu mitatu, ndugu yake Djuma anaiendesha kama teksi, kila jioni analeta hesabu ya siku na hesabu hiyo ndiyo inalipa shule ya watoto, tena mara mbili kwa mwezi Djuma ananipandisha mupaka Wamaza kukagua shule za kule Kabambare.

Sasa Moustapha, yule mwenye duka la chumvi na sabuni, anahamia Kindu na anauza gari yake, rangi ya maziwa, nyuma ndefu, ya zamani lakini asubuhi inawaka bila kusukumwa, anataka dola elfu mbili na mia sita, elfu moja na mia nne mkononi, zile zinazobaki nilipe dola mia moja kila mwezi mwaka muzima, na dola mia moja ni kama nusu ya mushahara wangu, hilo nalijua, usinigombeze bado. Zile za mkononi ningezipata kwa kuuza pikipiki, dola mia nane, na kwa likelemba, ule mchango wetu wa wakaguzi ambao kila mwezi mumoja anabeba zote, na mwezi huu zamu ni yangu, dola mia sita. Moustapha akaniambia, “Mukaguzi, usinijibu leo. Shika funguo, kaa nayo wiki moja, Ijumaa utanipa neno.” Nikashika funguo, na kwa sababu mimi ni mutu wa kuandika kila kitu, nikafungua daftari.

Jumamosi nilimubeba bibi harusi, Malaika wa jirani, na wasimamizi wake wawili, wanawake wakapiga vigelegele kutoka kwao mupaka kwa bwana harusi, na mimi pale kwenye usukani nikajiona kama ni mimi ninaoa. Jumapili mchana Faridah wa nyumba ya pili akashikwa na uchungu, nikamukimbiza hospitali na mama yake na mama mukwe wake, akajifungua salama mutoto mwanaume, na mutoto wamemuita Faradji, Mama, Faradji! Jumatatu nikapeleka maiti ya muzee mumoja kwao Nyangwe, yeye nyuma, wapwa zake wawili wamebanana nami mbele, tukakwama kwenye matope mara mbili, na watu wa Nyangwe walinipokea kama mutoto wao aliyepotea siku nyingi. Jumatano, siku ya soko, nikamubeba baba mudogo Ayoubu na muke wake na mbuzi wao, pale kwenye mupando wa soko, barabara inapopanda mulima, tukamupita Latifa na beseni yake ya muchele kichwani, gari ilikuwa imejaa, nikamupigia honi ya salamu, akainua mukono.

Hakuna aliyenipa franga ya esanse, yale mafuta ya gari, wote walinipa dua. Nilikuwa napima kwa chupa za wauzaji wa barabarani, ni lita thelathini na moja kwa hizo siku, na lita moja kwetu ni franga elfu sita, piga hesabu mwenyewe. Lakini Mama, nasema ukweli mbele ya Mungu, sijapata furaha kama hii tangu nianze kazi, na nimeanza kazi miaka kumi na minne.

Basi jana wakati wa chakula nikamuambia Latifa, “Mama Faida, unaonaje, tuuze pikipiki tununue gari?” Hakugomba. Alinipakulia wali na sombe, akaniwekea maji, akasema, “Nunua. Lakini mimi sitapanda.” Nikamuuliza anaogopa nini, gari yenyewe ama mimi ninavyoendesha, akasema haogopi kitu, nile chakula kisipoe. Ndiyo maana nimeleta barua hii leo kwa mukono wangu, uisome kesho asubuhi, kwa sababu kesho ndiyo Ijumaa na Moustapha ananingoja. Mutu wa mushahara kama wangu anaweza kuweka gari? Na muke wangu alitaka kusema nini?

Faradji, mukaguzi, Kasongo

*

Baba Faradji, barua yako nimeisoma mara tatu, bahasha iko na alama ya grisi na mimi nimenawa mikono mara mbili. Nami ni mudadisi kama wewe, lile neno la Latifa limenikalisha hapa mezani mupaka chai ikapoa.

Tuanze na hesabu, maana hiyo haichukui muda. Unauliza kama mutu wa mushahara wako anaweza kuweka gari. Wewe huwezi. Pole, lakini huwezi, na kalamu yako ilikuambia kabla yangu. Lita thelathini na moja ni franga elfu mia moja themanini na sita, kwa wiki moja, baba! Wiki nne za namna hiyo zinameza mushahara wote, zinauliza kama kuna mwingine, na bado Moustapha hajapewa dola zake, na bado hakuna tairi lililopasuka. Watoto watakula nini, honi?

Halafu ungeuza pikipiki! Wewe unayefundisha walimu kufikiri! Kazi yako iko Wamaza. Gari ile itafika Wamaza kwa njia gani wakati wa mvua, ikapite juu ya daraja la miti miwili? Kwenda Nyangwe tu imekwama mara mbili, na mulikuwa na marehemu ndani. Unataka kuuza kile kinachofika ununue kile kinachokwama, na hicho unachouza si hata chako, ni muchele wa misimu mitatu wa muke wako.

Moustapha simulaumu, ni mufanyabiashara. Alikupa funguo, hakukupa esanse. Alijua vizuri kwamba mutaa utamufanyia kazi ya kuuza, na mutaa umeifanya bila kulipwa. Wazee walisema cha kuazima hakistiri maungo, na wewe wiki nzima umetembea na cha kuazima, ukasahau kwamba shati lako liko nyumbani.

Furaha yako, hiyo siicheki. Mukaguzi akiingia darasani watu wananyamaza, mwenye gari akitokea watu wanapiga vigelegele, na nani asingependa vigelegele baada ya miaka kumi na minne ya kunyamaziwa? Mimi pia ningependa. Lakini unaijua Kasongo. Hapa kwetu mwenye gari hana ruhusa ya kusema hapana. Mugonjwa ni wake, maiti ni yake, bibi harusi ni wake, na siku ya kwanza atakayosema tangi ni tupu wataanza kusema moyo wake ndio mutupu. Gari inakuwa ya mutaa muzima, esanse peke yake ndiyo inabaki ya mwenyewe. Bei hiyo haimo katika daftari lako, nimeitafuta.

Kwa hiyo leo, kabla ya sala ya Ijumaa, osha yale matope ya Nyangwe, umurudishie Moustapha funguo na umuambie asante. Usimuambie “nitafikiri”, maana atakuongezea wiki nyingine na utalia. Kama mutaa unataka gari, mutaa ununue. Kaa na baba mudogo Ayoubu, na baba ya Malaika, na watu wa yule Faradji mudogo, uwaambie kila nyumba ichange kama munavyochanga likelemba, na siku gari itakapopatikana wewe uwe dereva wao, usiwe mufuko wao. Wakikubali, vizuri. Wakianza kukohoa na kuangalia juu, utajua dua zao zilikuwa za bei gani. Na zile dola mia sita za zamu yako, toa kwanza za mtihani wa Faida, leo hii, kabla hujapita mbele ya duka la mutu yeyote.

Sasa Latifa. Umenileta kazini kwako, basi na mimi nikafanya ukaguzi. Nilichukua barua yako nikahesabu waliopanda gari ile. Malaika na wasimamizi wake, watatu. Faridah na wamama wake wawili, sita. Muzee wa Nyangwe, Mungu amurehemu, na wapwa zake, tisa. Ayoubu na muke wake, kumi na moja. Na mbuzi. Nikarudi mwanzo nikamutafuta muke wako, siku saba zote, nikamupata mahali pamoja tu. Yuko kwenye mupando wa soko, kwa miguu, na beseni kichwani, na mume wake anamupigia honi.

Latifa hakukukasirikia, baba, na hakuongea kwa mafumbo. Alikuambia kitu alichokiona kwa macho yake. Wewe umeandika daftari zima na hukukiona. Pikipiki yake ingegeuka gari, na ndani ya gari mbuzi wa Ayoubu angepata nafasi kabla yake.

Jumatano ijayo ni siku ya soko tena. Muambie Djuma asichukue abiria asubuhi ile. Beseni ifungwe vizuri nyuma ya pikipiki, Latifa apande juu ya mali yake, na wewe utembee kwa miguu, mupaka sokoni, mbele ya watu wote waliokupigia vigelegele. Djuma na Latifa wakikufikia pale kwenye mupando watakupita. Ukisikia honi, inua mukono.