Wimbo Uliowatoa Watu Ukumbini

Ngokolo, Shinyanga
8 Machi 1987

Mwanangu Nassibu,

Assalamu alaikum. Kalisti wa lori amenifikishia shikamoo yako, nami nasema marahaba. Mimi ni mzima. Goti huniuma asubuhi, mchana likasahau. Wewe hujambo? Na hicho kifua kinasemaje na vumbi la huko Nyarugusu?

Tangu uondoke baada ya hitima ya marehemu baba yako, sijavuka ua huu. Eda ni miezi minne na siku kumi, na sikusudii kuipunguza hata kidogo. Sivai ila nyeupe, sijitii manukato, sisikilizi muziki, wala sionani na mwanamume asiye maharimu wangu. Kwa hiyo Herman, mpiga besi wa bendi ya baba yako, alipokuja juzi, ilikuwa kazi. Yeye alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia, na jirani yetu Melania akasimama mlangoni ili apokee maneno ya huku na kuyapeleka kule.

"Mwambie Mama Nassibu," akasema Herman, "tunatoa kanda ya nyimbo bora za Wimbi Jipya. Nyimbo kumi. Itatengenezwa Nairobi."

Melania akanigeukia aniambie.

"Nimesikia," nikasema. "Muulize, wimbo wa mume wangu Akida umo?"

"Mama Nassibu anauliza..."

"Nimesikia, Melania. Mwambie kinanda cha marehemu kimo katika nyimbo zote."

"Sikuuliza habari za kinanda."

Hapo Melania akaketi kizingitini. "Endeleeni wenyewe," akasema. "Mimi nitakuwa refa."

Unaujua wimbo ninaoutaka. Baba yako ndiye aliyeianzisha bendi ile, na katika miaka yake yote tisa aliimba mara moja tu: "Barabara ya Tinde," usiku ule waliporekodi ukumbini. Herman anao mkanda. Lakini anasema kanda ya nyimbo bora haiwezi kubeba wimbo uliowatoa watu ukumbini. Anasema pia kwamba wewe ulikuwa mwanabendi, kwa hiyo atakusikiliza. Mimi siwezi kumfuata kwake Mwanza nikiwa edani. Mwandikie, mwanangu, tena mapema.

Mama yako,
Mwanne

*

Nyarugusu, Geita
29 Machi 1987

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, ila mikono imechubuka. Kifua ni kizima. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba Melania bado anakuchotea maji.

Mama, Herman ameniandikia mimi pia. Nina habari ya kukufurahisha. Wimbo wangu, ule mmoja ambao gitaa nilipiga mimi, "Taa ya Chemli," ndio utakaofungua kanda. Na si hivyo tu. Kuna hoteli moja Mwanza yenye bendi, na mwenye bendi hiyo anatafuta mpiga gitaa. Herman amemwambia angoje kanda itoke, ausikie wimbo huo, kisha aamue. Huenda nikaacha kushuka duarani kuchimba dhahabu kabla ya mvua za vuli. Wiki iliyopita shimo la jirani zetu lilibomoka ukutani. Hakuumia mtu, walikuwa juu wanakula. Sikutaka kukuambia, lakini najua Kalisti atakuambia.

Kuhusu wimbo wa baba, nilifanya jaribio. Jioni moja nilichukua gitaa nikaenda kwa Paskazia, mama muuza chai, ambako wachimbaji hukusanyika. Nilipiga "Taa ya Chemli" wakaimba wote, hata wasioijua bendi yetu. Kisha nikapiga "Barabara ya Tinde," nikauimba vile vile alivyouimba baba, na mkwaruzo wake na kuchelewa kwake. Mama, kabla ya ubeti wa pili mabenchi yalikuwa yamebaki na vikombe tu. Dominiko wa Ushirombo, ambaye tunachimba naye duara moja, ndiye aliyebaki, kwa sababu alikuwa hajamaliza andazi.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "huyo anaimba au anaita ng'ombe?"

"Ni wimbo wa marehemu baba yangu."

"Pole sana. Basi alikuwa anaita ng'ombe kwa upendo."

Naye Paskazia akasema nikiuimba tena nitainywa birika nzima peke yangu.

Nilicheka, Mama, lakini niliona uchungu. Sitaki watu wamcheke katika kila duka la kanda kutoka Kahama mpaka Geita. Nimemwomba Herman akunakilie wimbo huo katika kanda ya peke yako. Amekubali. Eda ikiisha utamsikiliza nyumbani kwa raha zako.

Mwanao,
Nassibu

*

Ngokolo, Shinyanga
19 Aprili 1987

Mwanangu Nassibu,

Marahaba. Mimi sijambo, na Melania hajambo. Mvua imenyesha mara mbili na paa la jikoni limevuja pale pale. Habari ya ukuta kubomoka Kalisti alikwisha kuniambia, tena kwa mikono na miguu, hata Melania akamkataza. Tangu siku hiyo nalala vibaya. Nimefurahi sana kusikia habari za Mwanza. Mungu akufungulie.

Sasa tuzungumze la pili, wala usilichanganye na la kwanza.

Hiyo kanda ya peke yangu siitaki. Mwambie Herman asijisumbue. Unadhani naomba sauti ya kulilia chumbani? Nimekaa na baba yako miaka thelathini na moja. Sauti yake naijua hata akikohoa barabarani. Nataka akae na wenzake. Herman alipokuja kwake hakujua hata kulishika besi. Kinanda kile cha umeme baba yako alikitoa stesheni juu ya baiskeli, amekifunga kwa blanketi, yeye anasukuma kwa miguu, na watu wa Ngokolo wakadhani amebeba mgonjwa. Kisha miaka tisa akakaa nyuma, penye kiza, ameinamisha kichwa. Waimbaji wote watu waliwajua kwa majina. Yeye waliuliza tu, "Yule mzee wa kinanda ni fundi umeme?"

Unasema watu walitoka. Naam, walitoka. Nilikuwepo, nimekaa na wake wa wanabendi. Walikwenda kununua bia na mishikaki. Yeye aliuimba mpaka ubeti wa mwisho mbele ya viti vitupu, kisha akainama kuaga kama kwamba ukumbi umejaa. Usiku ule, tukirudi nyumbani, aliniambia, "Mwanne, leo nimeimba."

Na wakimcheka katika maduka, wacha wamcheke. Alichekwa akiwa hai na hakufa kwa hilo. Simtaki awe mzuri, Nassibu. Namtaka awemo.

Mama yako,
Mwanne

*

Ngokolo, Shinyanga
17 Mei 1987

Mwanangu Nassibu,

Assalamu alaikum. Natumaini u mzima, maana sijapata jibu na Kalisti amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema hukuwepo kambini. Dominiko amemwambia ulikwenda Mwanza ukarudi, nawe huzungumzi. Kama unaumwa, niambie. Kama umekasirika, niambie pia, ila kwa adabu.

Mama yako,
Mwanne

*

Nyarugusu, Geita
30 Mei 1987

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Siumwi wala sikukasirika. Huku ni baridi asubuhi na duara limejaa maji, kwa hiyo tunafanya zaidi kazi ya kuyatoa kuliko ya kuchimba.

Nilikwenda kwa Herman mwenyewe. Wimbo wa baba umo. Utakuwa upande wa pili, wa tatu. Mkanda umekwisha kwenda Nairobi na sasa hapana wa kubadili neno. Wa Mwanza hawajasema kitu. Msalimie Melania.

Mwanao,
Nassibu

*

Ngokolo, Shinyanga
26 Julai 1987

Mwanangu Nassibu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuileta kwa mkono wa mtu ye yote. Eda ilikwisha mwezi uliopita. Nilioga, wakanisomea dua, nikaenda sokoni kwa miguu yangu, na goti halikulalamika.

Jana Herman alileta kanda. Tuliisikiliza kwa Melania, kwenye redio yake kubwa. Tulianza na upande wa pili, na kwenye wimbo wa tatu baba yako akaingia. Ni mbaya, mwanangu. Ni mbaya vile vile. Anachelewa, anakwaruza, halafu mwishoni unasikia viti vikisogezwa na mtu mmoja akipiga makofi. Mtu huyo ni mimi. Melania alicheka mpaka akajishika mbavu, nami nilicheka naye, kisha tukaurudia.

Baadaye nikageuza kanda, nikakaa kukungoja wewe. Ulisema "Taa ya Chemli" ndio utakaofungua. Haukufungua. Nikasema labda wameusogeza. Nikangoja mpaka redio ikajizima yenyewe.

Herman alikuwa barazani anakunywa chai. Sasa naweza kutazamana naye, nikatoka.

"Wa Nassibu uko wapi?"

"Shemeji, nilimwambia kumi ni kumi, mimi siondoi hata mmoja. Akauliza, yeye akitaja wa kuondolewa je? Nikamwambia ataje. Alikaa juu ya kreti akanywa soda yake yote. Halafu akasema, toa wa kwangu."

"Na yule wa hoteli?"

"Amesikia kanda. Ameuliza mpiga gitaa ni yupi. Wa nyimbo hizi zote ni marehemu Cornel, kwa hiyo nikamwambia Nassibu hayumo."

Sikukuomba jambo hilo, Nassibu. Ningelijua ningelikukataza, na wewe ulijua ningelikukataza, ndiyo maana barua yako ilikuwa fupi. Sitakushukuru kwa barua. Nimekasirika, na tangu jana nimelia mara ngapi sijui.

Nimemwuliza Herman jina la hoteli na njia ya kufika. Alhamisi napanda lori la Kalisti kuja Nyarugusu. Siku hiyo usishuke duarani. Nyoa ndevu, vaa shati safi. Mwanza tutakwenda pamoja: wewe chukua gitaa, mimi nitabisha hodi.

Mama yako,
Mwanne